Mkono wa Chausiku na Pindo la Khanga

Kila siku ya soko Chausiku hushuka mlimani na mkungu wa ndizi kichwani, kwenda kuuza Morogoro mjini. Katikati ya njia kuna jiwe kubwa. Hapo watu hutua mizigo, hupumua, husengenya kidogo. Na hapo Chausiku hufungua pindo la khanga, hutoa ugoro, hubana chini ya mdomo.

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa amekufa. Walimzika nyuma ya nyumba, migombani. Sasa ana mimba nyingine, na zahanati wamemwambia aache ugoro. Ameapa weee. Akifika kwenye jiwe, kiapo kimeisha.

Siku hiyo alishuka na mama mkwe wake, Bi Zuleha, na jirani yao Felista, mhudumu wa afya wa kijiji. Wakatua.

"Chausiku, mkono wako uko wapi?" Felista akauliza.

Chausiku akautazama. Ulikuwa umeshafungua fundo. Wala hakuutuma.

Bi Zuleha akacheka. "Huyo mlafi tu. Mimi nimezaa saba na ugoro mdomoni."

"Na walio hai wangapi, mama?"

"Wanne." Kicheko kikakatika.

"Siyo ulafi," Felista akasema. "Ugoro ni tumbaku. Unaupa ubongo raha ya haraka. Ukirudiarudia, ubongo unakariri: jiwe, fundo, raha. Baadaye ukiliona jiwe tu, ubongo unadai, mkono unatii. Wewe hata hujafikiri."

"Sasa nikate mkono?"

"Ndizi utabeba na nini? Usitembee na ugoro. Tua pengine. Hamu ikipanda, ngoja, itashuka. Na kwenye pindo funga mbegu za maboga za kukaanga. Mkono ukienda, ukute hizo. Ubongo utajifunza upya, taratibu. Ukiteleza, anza tena."

Chausiku akalifunga tena fundo. "Na yule wa kwanza? Nilimuua mimi?"

Felista akamshika bega. "Tumbaku inamdhuru mtoto tumboni. Huenda ilichangia. Hakuna anayejua kwa hakika. Na wewe hukuambiwa."

"Niliambiwa. Niliambiwa inaondoa kichefuchefu."

Bi Zuleha, aliyemwambia hivyo, akageuka kutazama mlima.

Chausiku akaanza kutua chini zaidi, kwenye kijito. Mwanzoni kichwa kilimgonga, usingizi ukapotea, mume akagombezwa bila kosa. Mara moja alishindwa, akamwomba mama mkwe ugoro. Akapewa. Alilia, kesho yake akaanza tena.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha kijiji.

Mpaka leo, akilipita lile jiwe, mkono unakwenda kwenye pindo. Unakuta mbegu. Anatafuna, mtoto mgongoni, anawaza migomba nyuma ya nyumba.

Juzi kijitoni Bi Zuleha alimnyooshea kiganja.

"Nipe na mimi, mwanangu. Nataka kuacha."

Chausiku akafungua fundo, akampa mbegu zote. Ila hakumtazama usoni.