Mkono Anaoshonea Bibi Otilia

Kila jioni, Silvana akishateka maji na kuosha vyombo, alikimbia kucheza rede, mchezo wa kukwepa mpira, na wenzake nyuma ya nyumba yao mtaani Chanji, Sumbawanga. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa majibu. Ulipomwuliza jambo, jibu lilitoka kabla hujamaliza kuuliza. Wakubwa walimcheka tu, na baadaye walijuta kwamba walimcheka.

Katika nyumba hiyo aliishi pia Bibi Otilia, mama wa mama yake. Bibi alikuwa fundi wa kudarizi vitambaa vya altare tangu usichana wake. Mwaka ule alikuwa na kazi moja iliyomkaa moyoni. Mjukuu wake Flavian alitarajiwa kupadirishwa mwezi wa Julai, na Bibi alikuwa amemwahidi kitambaa cha misa yake ya kwanza. Mchana Bibi alikuwa shambani akivuna ulezi, kwa hiyo sindano ilisubiri jioni. Lakini upepo wa Ufipa wakati wa kipupwe hauna huruma kwa mzee aliyekaa barazani, na chumba chake kilikuwa na giza.

Mvua zilipokatika, Mjomba Vitus alikuja kutoka Mbeya. Yeye alikuwa msanifu majengo, mtoto wa kiume pekee wa Bibi, na alitaka kumjengea mama yake chumba cha kazi. Kwenye kona angejenga benchi la matofali linaloelekea mlango, maana Bibi Otilia hakuwahi kumpa mgeni mgongo.

"Mjomba, weka taa nyingi kama za dukani!" Silvana alidakia. Miaka hiyo bidhaa za bei nafuu zilikuwa zimeanza kumiminika, maduka ya Sumbawanga yalijaa taa za LED za kila namna, na kila mtu alitaka iliyo kali kuliko ya jirani.

Mjomba alicheka. "Taa hizi ni ndogo lakini mwanga wake unachoma. Ukimwelekezea mtu machoni, haoni kitu. Ya Bibi tutaifunika kwa kioo cheupe kama maziwa, na tutachagua yenye rangi ya moto wa jikoni. Tena kwa mtu anayeshona, mwanga utoke upande wa pili wa mkono wenye sindano. La sivyo, mkono wenyewe unatia kivuli palepale sindano inapoingia."

Kisha akamshika bega. "Sasa nisaidie. Leo jioni kaa na Bibi, umwangalie anaposhona. Kesho uniambie anatumia mkono gani. Usimwulize, maana atasema taa ikiwa popote inatosha. Mwangalie tu."

"Sawa, mjomba."

Jioni ile wenzake walimwita kucheza rede, naye akaenda. Asubuhi Mjomba alipomwuliza, alikumbuka jinsi Bibi anavyomega ugali. "Mkono wa kulia, mjomba. Nilimwangalia mpaka akalala."

Mjomba akamwamini. Kuta ziliposimama, fundi wa ujenzi akapitisha nyaya ndani ya ukuta, akafunga taa upande wa kushoto wa benchi, akapiga lipu juu yake. Chumba kilipokamilika majirani walikuja kukisifu. Bibi alimbariki mwanawe huku machozi yakimtoka.

Jioni ya kwanza Bibi alikaa kwenye benchi lake na kitambaa magotini. Silvana aliingia na kikombe cha chai, akasimama mlangoni kama aliyepigwa na butwaa. Sindano ilikuwa katika mkono wa kushoto. Kivuli cha mkono ule kilikuwa kimelala juu ya ua ambalo Bibi alikuwa akilidarizi.

"Bibi, kumbe unashonea kushoto?"

"Nyamaza," Bibi alisema kwa aibu, akitabasamu. "Utotoni nilichapwa hadi nikajifunza kula kwa mkono wa kulia. Lakini sindano ilikataa kuhama."

Silvana aliweka chai chini akatoka. Alijua palepale kosa ni la nani. Alijiambia kesho atasema. Kesho ikafika, akaogopa. Alimwona Bibi akifumua ua lilelile, akilirudia, akifuta miwani yake kwa khanga. Ua likatoka limepinda tena.

"Kristiana," Bibi alimwambia mama yake Silvana siku moja, "macho yangu yamekwisha. Mwanangu kanipa taa nzuri namna hii na bado sioni. Wapelekee masista kitambaa hiki wakimalizie."

Silvana alisikia kila neno. Alichukua ndoo akaenda kuteka maji.

Siku ya misa ya Padri Flavian, kitambaa kilitandikwa altareni, kizuri kweli. Baada ya misa Bibi alikisogelea, akakipapasa pole pole. "Maua haya si ya mkono wangu," alisema. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomwumiza Silvana zaidi.

Waliporudi nyumbani Bibi alifunga sindano na nyuzi zake zote ndani ya leso, akamwekea Silvana mikononi. "Chukua, mjukuu wangu. Wewe una macho."

Silvana alipiga magoti akalia. "Bibi, macho yako ni mazima! Mimi sikukuangalia. Nilikwenda kucheza rede, nikamdanganya mjomba. Taa iko upande mbaya kwa sababu yangu!"

Mjomba Vitus, aliyekuja tena kwa ajili ya misa, alivua koti. Kisha akachukua patasi. Yeye na fundi walichimbua lipu, wakahamishia taa upande wa kulia. Bibi alifungua leso, akatunga uzi, akadarizi ua dogo kwenye kipande cha kitambaa. Lilitoka limenyooka. Alilitazama, akafunika uso kwa khanga yake.

"Nisamehe, Bibi," Silvana alisema.

"Nimekusamehe. Lakini kitambaa cha Flavian kimekwenda, mwanangu, na upadirisho ni mara moja."

Fundi aliziba kwa saruji shimo la taa upande wa kushoto, akataka kulainisha ukuta na kuupaka rangi. Mjomba akamzuia ili alama ibaki. Akamwita Silvana mbele ya lile kovu la saruji.

"Mimi nina kosa langu," alisema. "Nilipelekwa shule ya bweni nikiwa mdogo, nikakua bila kujua mkono anaoshonea mama yangu, nikakutuma wewe badala ya kukaa naye mwenyewe. Wewe una lako. Hukujua, na kutojua si dhambi. Ungesema, 'Mjomba, sikumwangalia,' ningesubiri siku moja. Hata siku ile ulipoona kivuli, ungesema, tungehamisha taa na kitambaa kingemalizika. Uongo ulikuwa wa asubuhi moja, lakini kimya chako ndicho kilichompotezea Bibi kazi yake. Mtu akikuuliza jambo, kaangalie kwanza. Kama hukuangalia, sema hukuangalia. Na ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."

Tangu siku hiyo, Silvana akishaosha vyombo, hukaa kwanza upande wa kushoto wa Bibi, chini ya lile kovu, akimwangalia anavyoshona. Rede humsubiri.