Hatifungani za Mzee Isaiah

ALHAMISI, SAA NANE MCHANA

Chumba cha nyuma cha duka la vipuri, Mangateen, Juba. Feni imekufa, jasho liko hai. Chuol, mkubwa wa genge, alikalia kreti ya soda kama waziri aliyesahauliwa na dereva wake. Dereva wa genge, Majok, alisimama mlangoni. Mezani, Nyaboth na laptop.

Kazi ilikuwa sefu ya Isaiah, mkandarasi Mkenya wa mtaa wa New Site. Ndani, hati za hatifungani za kampuni moja ya saruji ya Nairobi. Chuol alizisikia kwa mlinzi mlevi wa nyumba hiyo, usingizi ukamhama. Lakini hatifungani ni mnyama gani? Hapo ndipo Nyaboth alipoitwa. Alisoma Kitale mpaka fomu foo. Kwa genge lile, huyo ni profesa.

Akawaeleza kama watoto wa nasari. Kampuni imekopa kwa watu, ikawapa hati. Inalipa riba mara mbili kwa mwaka, muda ukiisha inarudisha mkopo. Akawageuzia skrini: orodha ya soko la Nairobi, jina la kampuni, riba yake, tarehe ya kuiva.

"Kwa hivyo si feki," Chuol alisema.

"Ingekuwa feki usingeiona hapa. Ukichoka kungoja iive, unauza. Hapa Juba wakala yuko."

"Na jina la mzee? Si limeandikwa juu?"

Nyaboth alimtazama machoni. Uso haukucheza.

"Pajero yako, logbook ina jina la nani?"

Majok akaangua kicheko. Magari mangapi Juba yanazunguka na jina la mtu wa Kampala ambaye hakuna aliyewahi kumwona? Mwenye funguo ndiye mwenye gari. Chuol naye akacheka.

"Kalas," akasema. Imeeleweka.

Haikueleweka hata kidogo. Nyaboth alikuwa amesoma waraka wa mauzo mpaka yale maandishi ya chini, madogo kama chawa. Mwenye hatifungani ni yule aliye kwenye rejista Nairobi. Karatasi ni risiti tu. Anayeuza lazima awe yeye mwenyewe, na kitambulisho chake. Sentensi hiyo Nyaboth aliimeza. Alimwekea Duop.

Duop, kaka yake. Mwaka jana, kwenye kazi ya Rejaf, nje ya mji, alipigwa risasi ya paja. Chuol alikuja matangani akasema gari lilikuwa limejaa. Nyaboth akaamini, hata akamwandalia chai. Kisha siku moja bia ikamfungua Majok mdomo: kiti cha nyuma kilikaliwa na begi. Begi la mali lilipanda. Duop alibaki barabarani, damu ikamwisha.

JUMAPILI, SAA NNE ASUBUHI

Isaiah ni mzee wa kanisa. Akienda ibada, nyumba nzima inaenda, mpaka mpishi. Mlinzi mlevi alifungwa kamba kwa adabu. Jenereta ya jirani ilinguruma, grinda ya Chuol ikanguruma nayo. Sefu ikafunguka.

Chuol alitoka amekumbatia begi. Begi halibebwi na mwingine, hiyo ndiyo sheria yake.

"Nizipeleke mimi kwa wakala?" Nyaboth aliuliza, makusudi.

"Wewe kazi yako kusoma. Kuuza ni mimi."

JUMATATU, SAA TATU ASUBUHI

Chuol alivaa suti, akajipulizia marashi kama bwana harusi. Nyaboth alimwambia watataka kitambulisho, kawaida tu, kama kusajili laini. Mtu aliyefunika uso kazi zote akaingia kwa wakala uso mtupu, na jina lake mfukoni.

Nyaboth na Majok walibaki garini, injini inawaka. Kupitia kioo walimwona Chepkoech, dada wa kaunta, akipokea hati. Akapokea kitambulisho. Akachapa, akatabasamu, akanyanyua simu. Isaiah alikuwa amempigia jana, alipotoka tu kanisani akakuta sefu wazi.

Landkruza ya polisi ikakata kona.

Chuol alitoka mbio, tai begani. Nyaboth aligeuka akaweka mkoba wake kiti cha nyuma. Akafunga milango.

Chuol akavuta kitasa. Akavuta tena. "Fungua. Nyaboth, fungua."

Nyaboth alishusha kioo upana wa kidole.

"Gari limejaa."

Chuol akachungulia. Kiti kitupu, mkoba mmoja umekaa katikati kama mama mkwe. Akaelewa, na Nyaboth alingoja mpaka alipoona kwamba ameelewa. Kisha akapandisha kioo.

Buti za polisi zilikuwa zinakuja. Majok alitazama usukani.

"Endesha," Nyaboth alimwambia.

Akaendesha. Nyuma yao, mtu mwenye suti alilazwa kifudifudi barabarani, mikono kichwani. Barabara ya lami ikanyooka mbele ya Majok. Rejaf pia usukani ulikuwa wake, na wote wawili walilijua hilo.

"Sista," Majok akasema. "Sisi iko naenda wapi?"

"Rejaf," Nyaboth alisema. "Utanionyesha mahali mlipomwacha."