Skrubu ya Shaba

Kijana aliyeingia dukani Jumapili ile hakuwa na sura ya mteja. Kichwa kimenyolewa kinang'aa, fulana nyeupe imelowa jasho, suruali ya buluu imepigwa pasi ikasimama kama ubao. Gracieuse aliinua macho kutoka meza yake ya kutengeneza simu, chini ya maghorofa ya Albert Park, akadhani mtu wa kukagua leseni amefika.

"Dada, kioo kimepasuka. Utanimalizia kabla ya saa kumi?"

"Miye si mashine, mon cher. Saa kumi iko nini?"

"Natakiwa chuoni. Sisi makuruti tunashika simu Jumapili tu."

"Kuruti wa nini?"

"Polisi."

"Na mikono laini hivyo!"

Akacheka, naye Gracieuse akaanza kulegeza kioo. Jina lake Josphat. Mama yake ni Mkenya, mhadhiri. Yeye mwenyewe amezaliwa hapa Durban. Alisomea kompyuta, akachukuliwa na polisi kwa kazi ya kutoa ushahidi ndani ya simu. Ila kabla ya kugusa simu yoyote, ilibidi atambae kwenye matope, apige gwaride na kujifunza bunduki kama wengine wote.

"Kwa hiyo weye polisi wa simu, miye daktari wa simu."

"Tofauti ni moja. Daktari anaiwasha kwanza. Kwetu, simu ya ushahidi ikiletwa imezimwa, inabaki imezimwa. Na kila anayeigusa anatia sahihi, mkono hadi mkono, mpaka mbele ya hakimu."

Gracieuse akajikuta anamweleza habari ambayo wateja hawakuwahi kuisikia. Mwaka jana, wiki chache baada ya mama yake kufariki Bukavu, alinyang'anywa simu kwenye stendi ya taxi Isipingo. Ndani yake mlikuwa na sauti zote ambazo mama alimtumia.

"Niliifunga kwa skrubu moja ya shaba, zile nyeupe ziliniishia. Siku nikiiona nitaijua hata nikifumba macho."

Jumapili iliyofuata Josphat alirudi na chaja mbovu. Ya tatu akaja na betri nzima kabisa. Ya nne hakuleta kitu, wakaenda kutembea South Beach, Gracieuse katika gauni la kitenge cha manjano, Josphat katika suruali ileile.

"Mpenzi, hata pajama unapiga pasi?"

"Tunakaguliwa, daktari."

"Basi nikukague na miye, kuruti wangu."

Mafunzo ya gwaride yaliisha, Josphat akapelekwa maabara. Mwezi wa sita mpelelezi mmoja alimpigia Gracieuse: simu yake imekamatwa pamoja na nyingine arobaini. Asubiri kesi iishe. Jumapili iliyofuata, asubuhi, akampigia Josphat.

"Chéri, iko kwenu, sivyo?"

"Gracieuse, kazi siwezi kuizungumzia."

"Siulizi kesi. Sauti ya mama tu. Unaikopi dakika tano, nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Mwezi wa nane anatimiza mwaka tangu afariki. Watu watajaa nyumbani. Nilitaka wamsikie."

"Siwezi. Nisamehe."

"Basi lala na sheria zako. Usinipigie tena!"

Jumapili mbili kiti cha wateja kilikaa kitupu. Ya tatu akaingia msichana mwenye misuko mirefu na mkoba wa vitabu.

"Wifi, mimi ni Cherono, dada yake Josphat. Yeye hawezi kukuambia, basi nakuambia mimi. Aliona skrubu ya shaba chini ya lenzi, akaweka koleo chini, akamwambia mkufunzi kwamba simu hii ni ya mtu anayempenda, hawezi kuigusa. Wakamtoa kwenye kesi yote. Na ndiyo ilikuwa kesi yake ya kufuzu! Wenzake wanamaliza, yeye anangoja miezi sita."

Cherono alikuwa hajafika barabarani, Gracieuse ameshapiga simu.

"Kuruti."

"Daktari."

"Eish, weye kichwa ngumu."

"Ningeikopi kwa siri, wakili wa wale wezi angeuliza nani aliigusa. Simu zote zingetupwa nje ya mahakama. Si yako peke yake."

"Nimeelewa. Rudi, Josphat. Kiti chako kinanicheka."

Akasikia Josphat akishusha pumzi. "Naomba kitu kimoja. Ikirudi, usiiwashe bila mimi. Nikiwa polisi sikuweza kukusaidia. Acha niwepo nikiwa Josphat tu."

"Naahidi."

Wezi walikiri, kesi ikaisha upesi. Mwezi wa nane, siku ya Jumanne, Gracieuse alikabidhiwa simu yake ndani ya mfuko uliofungwa kwa lakiri. Kumbukumbu ya mama ilikuwa Alhamisi. Josphat alikuwa kwenye mazoezi ya porini, hapatikani hadi Jumapili.

Alhamisi nyumba ilijaa. Julienne, dada yake mkubwa, aliuona mfuko juu ya kabati.

"Sauti ya mama iko humu ndani, na weye unangojea bwana?"

"Niliahidi, yaya."

"Uliahidi mtu mwenye kesho. Mama hana kesho!"

Gracieuse aligawa pondu ya majani ya muhogo na samaki, akaosha sahani, akalia na bomba la maji likiwa wazi ili asisikike. Julienne aliondoka bila kuaga.

Jumapili saa nane Josphat aliingia dukani na matope kwenye viatu, suruali imekunjamana kwa mara ya kwanza. Aliona mfuko mezani na lakiri yake nzima. Akaona macho ya Gracieuse yalivyovimba. Alijua Alhamisi ilikuwa siku gani.

"Daktari..."

"Nyamaza. Kaa."

Akakata lakiri, akachomeka chaja. Skrubu ya shaba ilikuwa mahali pake. Walingoja huku wameshikana mikono, hadi kioo kikawaka. Gracieuse akagusa ujumbe wa mwisho, na duka lile jembamba likajaa sauti ya mwanamke mwenye haraka, kuku wakilia nyuma yake.

"Gracie, mama yangu, ulishakula?"

Gracieuse alimtazama Josphat, kisha akaijibu simu kwa sauti, kama alivyozoea.

"Bado, mama. Nilikuwa namngoja mtu."