Nguzo Iliyohama Mtaa

Jumamosi ya salongo, siku ya usafi wa pamoja, saa moja asubuhi, nguzo ya mpaka ilikutwa imehama. Ijumaa jioni wapimaji waliisimika mwisho wa avenue, karibu na kichuguu kile ambacho mbuzi akikipanda anaona Zambia. Sasa ilisimama mbele ya bomba la maji, imenyooka kama askari asiye na habari.

Mama Germaine alishika kiuno. Miaka mingi alikuwa amegonga milango ya ofisi za komini ya Kampemba akidai jambo moja: Mabati ihesabiwe kama mtaa wenye mjumbe wake, isimezwe tena na Belle-Vue, mtaa wa majumba. Saa nne kamati ingekuja kuthibitisha mpaka. Nguzo ikibaki hapa, walio ng'ambo yake wangerudi Belle-Vue, na waliosalia wasingetosha kuwa mtaa.

"Ni Fils!" watu walipaza sauti. Jembe la Fils, mfyatua matofali, lilikuwa na udongo mbichi.

"Ya kichuguu hii, mama," alijitetea. "Na nyumba yangu iko ng'ambo. Nijitupe inje mi mwenyewe? Niko mujinga?"

"Kidogo," alisema Germaine. "Lakini si hivyo." Udongo wa jembe ulikuwa mwekundu, laini, lakini ule wa chini ya nguzo ulikuwa mweusi, una changarawe.

Wakamgeukia Huguette wa Belle-Vue, aliyepinga mpaka huo waziwazi.

"Mi? Usiku yote tulikuwa kwa matanga, Germaine. Uliegemea bega yangu, unakoroma!"

Ilikuwa kweli. Germaine akainama. Kutoka shimo la zamani hadi kwenye nguzo, vumbi lilikuwa limefagiwa mkanda mmoja, kupita mbele ya mageti sita. Mabati, kila mtu hufagia mbele ya kwake. Ukigusa mbele ya jirani, umefagia bahati yake, na kesi itafika hadi kanisani. Mwenye ruhusa ni mmoja: chef wa avenue, kiongozi wa barabara hii, anayefungua salongo kwa kupitisha ufagio mbele ya nyumba zote, filimbi mdomoni.

"Papa Léonard," aliita kwa upole, "leo salongo umeifungua saa ngapi?"

Chef alikohoa. "Mapema. Ni bidii tu, mama."

"Bila filimbi? Weye unayepuliza filimbi hata ukifungua chupa ya soda?" Watu walicheka. "Ulitoka matangani kabla ya wote, baba. Hukufungua salongo. Ulifagia alama za kuburuta nguzo."

Kicheko kikakatika. Mzee akavua kofia.

"Wakwe banakuja kesho kuposa binti yangu Deborah. Niliwaambia niko muntu wa Belle-Vue, na nguzo ikikala hapa nyumba yangu inaingia kule. Wakikuta niko muntu wa Mabati, batanizarau."

"Deborah alisomeshwa na nani? Mabati ilichanga! Mama Edith, bibi yako, mama yake Deborah, alipokufa na gari ikakosa, nani walimubeba kwa mabega mpaka makaburini? Belle-Vue ilikuletea nini, Papa? Hata salamu?"

Léonard alitazama majumba yale, kisha nyuso zilizomzunguka.

"Hata salamu," alikiri.

Aliing'oa nguzo mwenyewe, akaiburuta mchana kweupe mbele ya mageti yote sita hadi shimo lake la zamani, akakoroga simenti mpya. Saa nne Madame Dorine wa kamati alishuka garini, akamkuta mzee ameikumbatia, jasho linamtiririka, kifua mbele kama jogoo.

"Papa, unafanya nini?"

"Niko nashika Mabati, madame," alisema Léonard, kwa sauti iliyofika Belle-Vue. "Ikauke hapa hapa."