Anayegonga Chini ya Kontena

Blanketi la chini kabisa lilikuwa na joto. Mama Filimbi alilipapasa mara ya pili akidhani ni mikono yake mwenyewe, kisha akasogeza rundo zima pembeni. Mablanketi ya juu yalikuwa baridi, yamekunjwa vile vile alivyoyakunja wiki iliyopita. Hilo moja la chini lilikuwa limebonyea katikati, na joto lake lilikuwa la mahali ambapo mtu ametoka kulala sasa hivi. Tena lilinuka saruji iliyolowa.

Alilikung'uta, akalianika, akaendelea na kazi. Mwanamke aliyezika mume na kulea mtoto peke yake hakimbii blanketi.

Kontena lenyewe lilikaa juu ya matofali nyuma ya zahanati. Ndani yake mlikuwa na kila kitu ambacho wanaojitolea wa mtaa wangekihitaji siku nyumba ikianguka au maji yakiingia: machela, kamba, makoleo, jeki, maturubai, helmeti, tochi, masanduku ya huduma ya kwanza, na jenereta moja yenye hasira za bure. Ufunguo alikuwa nao yeye. Kila wiki alitoa vyote nje, akawasha tochi moja moja, akapitisha kamba viganjani kutafuta palipolika, akafungua na kufunga machela, akavirudisha. Maafa yenyewe yalikuwa hayajatokea miaka mingi. Wanaojitolea walionekana siku ya mazoezi tu, wakavaa helmeti, wakapiga picha, wakaenda zao. Jina la Mama Filimbi walimpa kwa sababu ya filimbi aliyoivaa shingoni hata akienda sokoni. Kwao ilikuwa utani. Kwake, ukweli usemwe, bila lile kontena asingekuwa na sababu ya kuvaa viatu.

Siku ya mazoezi alikuwa na somo lake moja, na mtaa mzima ulilijua kwa moyo, maana alilirudia mpaka watu wakawa wanaliigiza mgongoni mwake. "Ukinaswa chini ya kifusi, usipige kelele, utameza vumbi. Gonga mara tatu, pumzika, gonga tena. Na wewe uliye juu, ukisikia, jibu. Hata kama huna koleo, jibu. Mtu ajue hayuko peke yake."

Basi siku ile ya blanketi, alipokuwa anafunga mlango, jua bado kali, sakafu ya kontena ikagongwa kutoka chini. Mara tatu. Kimya. Mara tatu tena.

Mtu mwingine angetimua mbio. Yeye alipiga magoti, akashika koleo, akajibu kwa mpini.

 Kilichokuwa chini kikagonga haraka haraka, kama kilichofurahi.

Alimpigia simu Nesi, kiongozi wa wanaojitolea, naye akaja mbio na watu wake. Walilala kifudifudi, wakamulika tochi chini ya kontena. Waliona matofali, udongo mkavu na chupa moja ya plastiki.

"Panya, Mama Filimbi," Nesi alisema akijipangusa magoti.

"Panya anayehesabu mpaka tatu?"

"Wa siku hizi wamesoma."

Wakacheka. Naye alicheka, asije akaonekana mzee.

Nyumbani kwake palikuwa chumba na sebule, na jiko dogo nyuma. Ukuta wa upande wa kushoto ulikuwa wake na wa Fundi, mshonaji nguo aliyekuwa rafiki wa marehemu mumewe, ndiyo maana alimwita shemeji. Zamani walikaa barazani wote watatu, wakibishana mpaka chai inapoa. Mume alipofariki, watu wakaanza kuwatazama kwa jicho la pembeni, na wao wakaona haya. Sasa kila asubuhi Fundi aliuliza kutoka upande wake, "Shemeji, umeamka?" Naye akajibu, "Nimeamka, Fundi." Kisha kila mmoja akafunga mlango wake na kukaa na redio yake.

Jioni ile, akiwa anaosha sahani moja na kikombe kimoja, sakafu ya jikoni iligongwa.

Alijua ni yule yule. Aliogopa, hilo halifichiki. Lakini mkono ulikuwa umeshachukua kijiko, kwa mazoea ya miaka yote ile, ukagonga sakafu mara tatu. Nacho kikamjibu. Akagonga tena, kikajibu tena, na woga ulipopungua akagundua kwamba anatabasamu.

Ndivyo walivyoanza. Asubuhi akiinuka alikisikia chini ya kitanda, naye akagonga kwa kisigino. Jioni aliketi sakafuni na kukieleza mambo ya kutwa: bei ya nyanya, betri zilizovuja, binti yake ambaye siku hizi simu zake zilikuwa fupi kuliko salamu zake. Kila alipomaliza jambo, kiligonga. Ni nani mwingine aliyemsikiliza hivyo? Hakumwambia mtu. Alijua watasema nini, na alijua kwamba wangekuwa na haki.

Siku moja aliamka midomo ikiwa na vumbi la kijivu. Aliosha. Kesho yake likarudi, safari hii hadi juu ya ulimi, chungu, na alipokohoa kifua kiligoma kujaa, kana kwamba kuna kitu kizito kimewekwa juu yake usingizini. Kucha zake zilikuwa na udongo, ilhali hakuwa amegusa udongo. Na kile kigongaji hakikuwa tena chini ya sakafu. Kilikuwa kimepanda. Sasa kiligonga ukutani, usawa wa goti, siku chache baadaye usawa wa kiuno.

Binti yake alipiga simu mchana mmoja. "Mama, mbona sauti yako inatoka mbali?"

"Niko hapa hapa sebuleni, mwanangu."

"Hapana. Unasikika kama uko shimoni. Mama? Sikusikii vizuri, ongea kwa nguvu kidogo."

Aliongea kwa nguvu, hata akapiga ukelele, na binti aliendelea kuuliza, "Mama? Mama?" mpaka simu ikakatika, na wakati wote huo ukutani, karibu kabisa na sikio lake, kitu kilikuwa kikipumua taratibu pumzi ndefu za mtu aliyepata hewa safi baada ya kuikosa muda mrefu, na harufu ya saruji mbichi ilijaa chumba kizima hadi machozi yakamtoka, naye akaelewa, bila kuambiwa na yeyote, kwamba kadiri yule alivyokuwa akipanda ndivyo yeye alivyokuwa akishuka.

Alikwenda kwa mganga siku hiyo hiyo. Alitegemea mzee mwenye ndevu na moshi. Akamkuta mwanamume wa makamo mwenye mafua, anayeishi juu ya duka la kutengeneza simu, ambaye alimsikiliza huku akipenga kamasi.

"Nani alianza, yeye au wewe?" mganga aliuliza.

"Yeye aligonga. Mimi nilijibu tu."

"Ulijibu tu." Mganga alitikisa kichwa. "Mama, kuna majini ya makaburini, ya vyooni, ya njia panda. Huyo wako ni wa chini. Hana mlango. Anayemjibu ndiye mlango wake, na akishatoka, lazima mtu abaki mahali pake."

"Nifanye nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo mno.

"Nyamaza."

"Basi? Hakuna dawa?"

"Hiyo ndiyo dawa. Atagonga kwa upole, atagonga kwa kulia, atagonga kwa namna ambayo hujawahi kumsikia. Ukijibu mara moja tu, usirudi kwangu."

Alirudi nyumbani, akanyamaza. Kiligonga alipokula, kiligonga alipooga, kikagonga polepole kama mtoto anayebembeleza, na yeye aliuma kanga akalia. Alilia kwa hofu, na alilia pia kwa sababu alikuwa na hamu nacho. Hapo ndipo alipojua ukubwa wa upweke wake. Lakini vumbi lilipungua midomoni. Kigongaji kilishuka kutoka kiunoni hadi gotini, kutoka gotini hadi sakafuni, kikafifia, na asubuhi moja hakikuwepo. Nyumba ilikuwa kimya tupu. Fundi aliuliza, "Shemeji, umeamka?" Akajibu, na sauti yake ikarudi kuwa yake.

Kisha mvua ikaja. Ilianza adhuhuri, ikapiga mabati kwa kishindo kiasi kwamba mtu asingesikia nyumba ya jirani ikianguka, na umeme ukakatika. Mama Filimbi alikuwa amejifunika kitandani, anawaza kama maturubai yanatosha, aliposikia mlio kutoka nyuma, upande wa jikoni, chini.

Mara tatu. Kimya. Mara tatu.

Huu mlio haukuwa ule wa zamani, mzito, wa ngumi kwenye udongo. Ulikuwa mwembamba, wa chuma juu ya chuma. Akili yake ikamwambia, sikiliza vizuri, huyo si yeye. Na akili hiyo hiyo ikakumbuka maneno ya mganga, kwamba atagonga kwa namna ambayo hujawahi kumsikia, na akaona kweli, huyu ndiye, amejifunza, amerudi na ujanja mpya, na mlio ukaendelea, tatu na kimya, tatu na kimya, bila kuharakisha, kwa utaratibu ule ule aliowafundisha watu miaka nenda rudi, akajaza pamba masikioni na kuvuta mto kichwani na kushikilia filimbi kwa meno asije akafungua mdomo, na hata hivyo aliusikia, ukapungua nguvu, ukakaa muda, ukarudi, na giza lilipoingia akapitiwa na usingizi angali ameuma filimbi.

Alfajiri Nesi alimgongea dirisha. "Mama, ufunguo! Jiko la Fundi limeanguka!"

Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala chini wote, na Fundi alikuwa chini yake, kabati limemkinga kifua. Mkononi alishikilia mkasi wake wa kushonea. Kando yake lilipita bomba la maji, lile lile lililopita jikoni kwa Mama Filimbi, limejaa mikwaruzo mipya. Walinyanyua kifusi kwa jeki. Mama Filimbi alishika machela upande wa kichwa, wala hakuthubutu kumtazama usoni.

Lakini Fundi alikuwa hai, na alipomwona alitabasamu.

"Nilijua," alisema kwa sauti iliyokauka. "Jamani, ningekufa. Shemeji ndiye aliyenishikilia. Kila nikigonga, alinijibu. Tangu mchana mpaka asubuhi, hakuchoka."

Watu walimpigia makofi. Nesi alimkumbatia, akamwomba radhi kwa utani wa siku zote. Mama Filimbi alisimama katikati ya mikono yao, akihisi baridi ikimpanda kutoka unyayoni.

Fundi aliruhusiwa kutoka zahanati na gongo la kutembelea. Mama Filimbi alivumilia siku kadhaa asiende. Kila jioni alisikia kupitia ukutani gongo likigonga sakafu, na kutoka chini kitu kikiitikia, na Fundi akicheka peke yake. Asubuhi salamu ikaacha kuja. Hapo akashindwa, akaenda.

Alimkuta kitini, amepungua, lakini macho yake yaling'aa kama ya bwana harusi. Kwenye pembe za midomo yake palikuwa na vumbi la kijivu.

"Karibu, shemeji. Mbona leo umepita mlangoni?" Alicheka chinichini. Sauti yake ilitoka mbali.

"Fundi, usijibu tena."

"Nisikujibu wewe?"

"Si mimi."

"Wewe na aibu zako! Tumekaa miaka tukiogopa maneno ya watu, sasa tumepata njia yetu, unataka kuikana?"

Angeweza kusema ni panya. Angeweza kumwita mganga. Lakini alijua Fundi asingemsadiki mpaka asikie lote, na lote lilikuwa na jambo moja ambalo, akishalisema, asingekuwa tena na jirani. Vumbi lilidondoka kidevuni mwa Fundi. Akalisema.

"Siku ile nilikusikia. Nilisikia chuma, nikajua si kawaida, nikaziba masikio. Sikukujibu hata mara moja, Fundi. Aliyekujibu ni jini. Alikuwa kwangu, nikamfukuza kwa kunyamaza. Anakuvuta chini. Nyamaza nawe, utapona. Nakuomba."

Tabasamu lilimtoka Fundi kidogo kidogo.

"Ulinisikia," alisema.

"Ndiyo."

"Nikigonga vile ulivyonifundisha."

"Ndiyo, Fundi. Nisamehe."

Aliinuka kwa shida, akamfungulia mlango. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Mama Filimbi.

"Nenda, shemeji," alisema kwa upole. "Mimi nitabaki na aliyenijibu."

Mlango ukafungwa. Mama Filimbi alibaki nje ameweka kiganja juu ya mbao, akamsikia Fundi akikaa chini sakafuni, taratibu, gongo likilazwa kando, na vidole vyake vikianza kugonga.