Kurasa Tisa za Koko Aziza

Kila alasiri, akishateka maji na kuosha vyombo, Rachida alikaa barazani kwao, mtaani Mikelenge, na kompyuta ya mama yake mapajani. Alikuwa na kazi ya heshima. Nyanya yake, Koko Aziza, alikuwa amemsimulia mambo ya miaka ya vita, naye aliyaandika yote ili yasomwe Ijumaa kwenye dua ya familia. Kurasa tisa zilikuwa tayari.

Lakini programu ya kuandikia ilikuwa ya majaribio ya mwezi mmoja tu. Siku tano mfululizo ilimwonya kwamba muda unakwisha, na kila mara Rachida aliufunga ujumbe ule bila kuusoma mpaka mwisho. Mama alipouliza, "Kazi ya Koko umeihifadhi mahali pengine pia?" alijibu haraka, "Ndiyo, mama." Hakuwa ameihifadhi popote.

Jumatano faili ilikataa kufunguka. Muda wa majaribio ulikuwa umekwisha.

Badala ya kusema kweli, Rachida alichukua daftari, akamfuata Koko uani alikokuwa akichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga.

"Koko, umeme ulikatika, maneno yote yakapotea. Nisimulie tena."

"Yote, mutoto wangu?"

"Yote."

Koko alivuta pumzi, akaanza upya: jinsi mji ulivyozingirwa, treni zikaacha kuja, chumvi ikaadimika. Alipofika kwa Soudi, mwanawe wa miaka minne, mikono iliacha kuchambua.

"Homa ilimushika asubuhi. Nilimubeba mugongoni mpaka hospitali. Dawa hakuna. Nilipomushusha..."

Machozi yakadondokea sombe.

Rachida alihisi uso unawaka kwa aibu. Mara ya kwanza, Koko alihitaji siku mbili ndipo akaweza kuyatamka maneno hayo ya kifo cha Soudi. Sasa uongo ulikuwa umemrudisha palepale.

"Koko, basi! Usiendelee. Umeme haukukatika. Nimekudanganya."

Akaeleza yote, macho chini. Koko alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Beba kompyuta, twende kwa mwalimu wako," alisema. "Utamueleza wewe mwenyewe."

Mwalimu Célestin, aliyefundisha kompyuta, alikuwa darasani na wanafunzi wawili. Rachida alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini alisimulia mbele yao bila kuficha kitu, hata lile jibu alilompa mama.

"Umefuta chochote?" mwalimu aliuliza.

"Hapana."

"Basi maneno yamo. Kilichoisha muda ni programu, si faili."

Kwanza akainakili faili kwenye flashi. Kisha akaweka programu nyingine ya kuandikia, ya bure, akaifungua faili humo. Aya chache zilikuwa zimesogea, lakini kurasa zote tisa zilikuwapo. Mwalimu akazichapisha.

Rachida alizipokea kwa mikono miwili, asithubutu kutabasamu.

"Nisamehe, Koko. Nilikutoa machozi bure."

Koko alimshika bega. "Wakati wa vita tulificha mengi ili tupone. Wewe nani alikufukuza? Kompyuta ilikuonya, ukaiziba mdomo. Mama yako alikuuliza, ukamudanganya. Nimekusamehe, lakini shika hili: kosa ukilisema mapema, ni lako peke yako. Ukilifunika kwa uongo, atakayelia ni mutu mwingine. Leo ulikiri uongo wako kabla sijamaliza kulia. Siku ingine, usingoje machozi."