Hirizi ya Chini ya Kitanzi

Kwenye bustani ya michezo, treni ya majaribio iliondoka tupu asubuhi ile, ikapanda mlima wake wa chuma, ikapinduka kichwa chini kwenye kitanzi cha reli, ikarudi. Kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa matapishi ya moto.

"Dada Chizuru, nani kapanda?" Morio, mwendesha treni, alinong'ona.

"Nani apande? Geti nimefunga mwenyewe."

Chizuru aliziba pua kwa kiwiko. Kusafisha matapishi ya wageni ndiyo kazi yake pale bustanini, lakini ya namna hii hakuwahi kuyaona. Ulikuwa wali uliochacha, umeviringwa na nywele nyeupe ndefu. Akamwaga maji, akasugua. Treni ikapelekwa tena, ikarudi na yale yale.

Chanzo alikijua. Jana, akiokota kofia na miwani zilizodondoka chini ya kitanzi, alikuta hirizi ya uzi mwekundu, imelowa matapishi na kunasa nywele nyeupe za kikongwe. Kwao hirizi hurudishwa hekaluni ikachomwe kwa dua, hata mtoto anajua. Yeye kwa kinyaa aliitupa kwenye mfuko wa taka, na gari la taka lilishapita.

Meneja akamwita kuhani upesi. Watoto wa safari ya shule walikuwa njiani, na Kotoha, binti yake Chizuru, alikuwa mmoja wao. Kuhani alinyunyiza chumvi, akapunga juu ya viti fimbo yake yenye vipande vya karatasi nyeupe, kisha akauliza taratibu, "Kuna kitu cha mtu kimetupwa vibaya hapa?"

Wote wakamgeukia msafishaji. Mficha uchi hazai, lakini aibu ilimshinda.

"Hapana, mzee."

Treni ikaenda, ikarudi kavu. "Mnaona? Fungueni," meneja akasema.

Kotoha alichagua kiti cha nyuma. Chizuru alitaka kumwambia shuka mwanangu, lakini mbele ya meneja na walimu mdomo ulimwia mzito, na treni ikapanda, ikainama, ikaingia kitanzini huku watoto wakipiga kelele, na harufu ya wali uliochacha ikamshukia usoni, nzito, ya uvuguvugu, ikamjaa kinywani kama tonge alilolishwa kwa nguvu, mpaka breki zikalia na treni ikasimama mbele yake.

Kotoha hakulia. Aliingiza vidole kooni akavuta uzi mwekundu, akavuta, zikafuata nywele nyeupe zenye ute, na mwisho hirizi ile ile ikamdondokea mapajani.

"Mwanangu," akamwambia mama yake kwa sauti ya kikongwe, "mbona uliniona kinyaa?"